Bunduki ya babu itunzwe, lakini isilie tena

Mvua inapoharibu manjanja ya nyumba ya zamani, vijana hupanda juu kubadilisha mbao zilizooza. Wakati mwingine hukuta huko kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya gunia na kufungwa kwa kamba. Ni kizito, na kinanuka mafuta ya mawese yaliyokauka. Wakikifungua, wanaona kitako cha mbao kilicholiwa na mchwa, mtutu mwekundu kwa kutu, na namba ndogo iliyopigwa kwenye chuma. Ni bunduki ya babu, aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji, kabla Kongo haijapata uhuru.

Katika Butembo na Beni, miji miwili inayotenganishwa na kilometa 54 hivi za barabara ya taifa namba 2, jambo kama hilo si la mchezo. Familia inakaa usiku, mlango umefungwa, sauti zimeshushwa. Mmoja anasema chuma hicho kitupwe mtoni kabla jirani hajakiona. Mwingine anasema kipelekwe polisi, lakini hakuna anayejitolea kukibeba. Wa tatu, kijana mwenye mikono mizuri, fundi wa pikipiki au wa kuchomelea vyuma, anasema apewe yeye. Atasugua kutu, atachonga kitako kipya kwa mbao ya libuyu, atafua kipuri kilichopotea. Baada ya mwezi mmoja itakuwa kama ilivyotoka kiwandani.

Kijana huyo wa tatu anastahili kusikilizwa kwanza, kwa sababu nusu ya wazo lake ni sawa. Kitu hicho hakifai kutupwa. Lakini nusu ya pili, ile ya kuifanya bunduki ilie tena, inaweza kumpeleka gerezani, inaweza kumtoa jicho, na mwishoni inaua hata ile historia anayofikiri anaiokoa. Bunduki ya babu inapaswa kutunzwa kama shahidi. Na ili itunzwe hivyo, lazima kwanza moto wake uzimwe kabisa, mbele ya wakubwa wenye mamlaka hayo. Shida ni kwamba wakubwa wenyewe hawajafungua mlango wa kufanya hivyo bila hofu.

Chuma hicho kinasema nini

Kwanza inafaa kujua kilichomo ndani ya gunia. Askari wa kwanza wa Force Publique, jeshi lililoanzishwa katika miaka ya 1880 wakati wa Mfalme Léopold wa Pili, walibeba bunduki inayoitwa Albini. Ilikuwa bunduki nzito ya risasi moja moja: askari anafungua, anatia risasi, anafunga, anapiga, kisha anaanza upya. Baadaye ikaja Mauser ya mwaka 1889, ya kalibre 7.65, yenye sanduku la risasi tano. Kiwanda cha Fabrique Nationale, kile ambacho wakaaji wa Kivu wanakijua kwa herufi FN, kiliundwa mwaka huo huo wa 1889 huko Herstal, karibu na Liège, ili kutengeneza bunduki 150.000 za aina hiyo kwa jeshi la Ubelgiji. Kwa hiyo mtu akiona neno Herstal chini ya kutu, anaona mwanzo wa jina ambalo limesikika katika vita karibu vyote vya nchi hii.

Watu waliobeba bunduki hizo walikuwa Wakongomani. Ndio walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, chini ya Jenerali Tombeur, baada ya kuwasukuma Wajerumani kutoka Kivu hadi katikati ya Tanzania ya leo. Ndio waliopanda milima ya Abisinia mwaka 1941, wakapigana Asosa, Gambela na Saio hadi majenerali wa Italia wakaweka silaha chini. Nyuma yao walitembea wapagazi, wanaume na wanawake waliobeba masanduku ya risasi na chakula kichwani, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Jeshi hilo hilo lilitumika pia kuwalazimisha wanavijiji kuleta mpira na kujenga barabara, na kuwapiga waliokataa. Bunduki ya babu ina pande zote mbili: ushujaa wa Saio na machozi ya kijijini.

Ushahidi huo unapotea haraka. Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvalisha nishani Kapurali Albert Kunyuku, aliyekuwa na miaka 100, akitajwa kuwa askari wa mwisho wa Force Publique aliye hai kati ya waliopigana katika vita vya pili vya dunia. Askari wa mwisho alipata nishani miaka 77 baada ya vita kwisha. Wengine walikufa vijijini na hadithi zao. Katika familia nyingine kilichobaki ni picha moja, kipande cha mkanda, au chuma kile kilichofichwa chini ya manjanja.

Kutengeneza kunaweza kuharibu

Fundi anayechukua tupa na msasa hufikiri anasafisha. Kwa kweli anafuta. Namba ya bunduki, alama ya kiwanda, herufi alizochonga askari kwenye kitako, hata mkwaruzo wa mkanda uliobebwa safari ya miezi, vyote viko juu ya chuma na mbao, unene wa ukucha tu. Wafanyakazi wa makumbusho popote duniani wanafuata kanuni moja: usiongeze, usipunguze, zuia tu uharibifu usiendelee. Yaani kukausha, kufuta vumbi kwa kitambaa laini, kupakaa mafuta mepesi kidogo, na kuweka kitu mahali pasipo na unyevunyevu. Butembo, mji wa milimani wenye baridi na mvua nyingi, kazi hiyo peke yake inatosha kumpa mtu shughuli.

Lakini hata kitambaa hicho kina saa yake. Bunduki iliyokutwa darini inaweza kuwa bado na risasi ndani, iliyowekwa na mtu aliyekufa zamani. Haipaswi kugongwa kwa nyundo, wala kulazimishwa ifunguke, wala kuelekezwa kwa mtu, wala kuachwa mikononi mwa watoto. Kabla mtu mwenye ujuzi wa silaha hajaikagua, inahesabiwa kuwa hai.

Na kuna mambo ambayo jicho halioni. Mtutu wa Mauser ile ya 1889 umevikwa bomba jingine jembamba la chuma kwa nje. Maji yakiingia kati ya mabomba hayo mawili, kutu inakula ndani kwa ndani huku nje panang'aa. Fundi anaweza kuipaka mafuta hadi ikapendeza kama ya harusi, kumbe mtutu umekuwa mwembamba kama karatasi. Risasi za zamani nazo ziliacha chumvi ndani ya mtutu kila zilipopigwa, na chumvi hiyo huvuta unyevunyevu kwa miaka. Maganda ya shaba hupasuka kwa uzee. Kipuri kilichofuliwa kwa chuma cha springi ya motoka hakina ugumu wa kile kilichotoka kiwandani. Bunduki ikipigwa katika hali hiyo, moto hautoki mbele tu. Unaweza kurudi nyuma, kwenye uso wa yule aliyeilaza shavuni.

Waswahili wamesema: mwenye kovu usidhani kapoa. Hata bunduki yenye kutu ni hivyo. Ulaya ilijifunza neno hilo kwa damu. Mwezi wa Januari 2015, katika mashambulizi ya Paris, zilitumika bunduki zilizokuwa zimeuzwa Slovakia kama vyombo visivyoweza tena kupiga risasi za kweli. Mikono ya mafundi ilizifufua. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni moja kwa nchi zake zote kuhusu jinsi ya kuzima bunduki, ili asiwepo fundi wa kuirudishia uhai. Kama wenye viwanda, maabara na polisi wengi walidanganyika, fundi wa mtaani Bulengera au Mulekera hawezi kusema "hii yangu haina hatari."

Mbele ya sheria, hakuna babu

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Inadai ruhusa ya serikali kwa raia anayeshika silaha ya moto, na silaha ya vita si mali ya raia. Sheria ya adhabu za kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inatoa vifungo vya miaka mingi kwa anayeshika silaha ya vita kinyume cha sheria. Kesi za namna hiyo huishia mbele ya hakimu wa kijeshi. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zimekuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na jicho la askari kwa silaha mikononi mwa raia limekuwa kali zaidi.

Ukali huo una sababu. Beni imezika watu wake tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kwa mapanga na bunduki katika mji na vijiji vyake. Lubero imeona makundi ya Mai-Mai yakizaliwa, yakigawanyika na kuzaliwa tena. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, wakubwa wa jimbo wanafanyia kazi Beni, na kila mkaaji anajua jinsi usiku unavyokuwa mrefu risasi ikisikika upande wa msitu. Katika hali hiyo, askari wa doria anayekuta kijana na mtutu uliosuguliwa hatauliza kama ulifika Saio. Ataona silaha iliyotayarishwa. Na ni kweli: imetayarishwa.

Hata kama askari haji, kuna wengine wanaosikia habari. Mtaani siri ya chuma haikai. Jirani atamwambia mwenzake, na mwisho atasikia mtu anayetafuta bunduki kwa ajili ya wizi wa usiku au kwa ajili ya kundi la porini. Atakuja kwanza na dola chache. Akikataliwa, atakuja bila dola. Familia iliyotaka kumbukumbu itakuwa imewatafutia watoto wake wageni wabaya.

"Na sisi nani atatulinda?"

Wapo watakaojibu kwamba maneno haya ni ya watu wanaolala salama. Mkulima wa Mayimoya au wa Oicha, ambaye amekimbia shamba lake la kakao mara tatu, anaweza kusema kwamba bunduki ya babu, hata ikiwa ya risasi tano, ni bora kuliko mikono mitupu. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Anayeambiwa kila mwaka kwamba ulinzi unakuja ana haki ya kuuliza uko wapi.

Lakini afikirie usiku wenyewe. Washambuliaji wanakuja wengi, na silaha zinazopiga mfululizo. Yeye ana chombo kilichozidi miaka 100, na risasi ambazo hata hazipatikani kwa urahisi, kwa kuwa kalibre 7.65 ya Mauser si ile ya Kalashnikov. Akipiga moja, amejulisha alipo. Akikosa, nyumba yake imekuwa ya kwanza. Na asubuhi, jeshi likifika, mwili wake utahesabiwa kama wa mpiganaji na si wa raia. Ulinzi wa Beni ni deni la serikali. Chuma cha darini hakiwezi kulipa deni hilo.

Wengine watasema kinyume: tumechoka na bunduki, zote ziyeyushwe, hata hizo za zamani, hakuna cha kutunza. Hao pia wana uchungu wa kweli. Ila watu wasiokumbuka jinsi silaha zilivyoingia nchini hawawezi kuelewa kwa nini hazitoki. Mtoto wa shule akiona Albini ya risasi moja, kisha akaona Mauser ya risasi tano, akaelezwa kwamba zote zilitengenezwa mbali na kuletwa huku ili Mkongomani ampige Mkongomani au apigane vita vya wengine, atakuwa amepata somo ambalo hotuba kumi haziwezi kumpa.

Mlango unaokosekana

Kwa sasa familia yenye bunduki ya zamani ina njia tatu: kuficha, kutupa, au kujipeleka kwa askari na kuomba Mungu. Hakuna hata moja inayosaidia nchi. Inayofichwa inabaki hatari. Inayotupwa mtoni inaweza kuokotwa. Na anayejipeleka anaogopa kuulizwa alikaa nayo muda gani, nani aliijua, na ngapi nyingine ziko wapi.

Mpango wa serikali wa kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia, ule wa P-DDRCS ulioundwa Julai 2021, ulielekezwa kwa makundi yenye silaha. Mjane mwenye gunia darini si kundi lenye silaha. Hana kamanda, hana kambi, hajui aingie foleni gani. Tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo ndogo ipo, lakini mkaaji wa Kimemi au wa Ruwenzori hajui mlango wake uko mtaa gani.

Jambo linaloweza kufanyika halihitaji mamilioni. Gavana na wakuu wa jeshi na polisi wanaweza kutangaza muda maalumu, miezi mitatu kwa mfano, ambapo anayeleta silaha ya zamani ya familia hatashitakiwa kwa kuwa nayo. Asiibebe njiani, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Apeleke habari kwanza, kwa kiongozi wa nyumba kumi, kwa paroko, kwa mchungaji au kwa avoka, na fundi wa silaha wa jeshi aje na gari kuichukua. Bunduki ikaguliwe, namba yake iandikwe, izimwe kwa namna isiyorudi nyuma, na familia ipewe karatasi yenye muhuri. Ikionekana kwamba namba hiyo ni ya silaha iliyotumika kuua juzi, hiyo ni kesi nyingine. Ikiwa ni ya Force Publique, iende mahali pa kumbukumbu.

Mahali hapo pasiwe Kinshasa peke yake. Makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa huko mwaka 2019, na ni jambo jema, lakini mtoto wa Butembo hataenda kuyaona. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye walimu na wanafunzi. Utamaduni wa Wanande una kyaghanda, nyumba ya baraza ambamo wazee walifundisha vijana na kumaliza magomvi. Chumba kimoja chenye kufuli, bunduki zilizozimwa zikiwa nyuma ya kioo, na chini ya kila moja jina la babu kama familia imekubali, kituo alikopigana, na maneno ya wajukuu kama walivyoyasikia. Kijana fundi, yule wa tatu katika kikao cha usiku, apewe kazi hapo: akauke kutu, apake mafuta, atengeneze sanduku la kioo. Mikono yake mizuri itakuwa imepata kazi isiyomfunga.

Mifano ipo Afrika. Nchini Msumbiji, tangu mwaka 1995, Baraza la Makanisa lilipokea silaha kwa watu na kuwapa baiskeli, cherehani na majembe. Silaha zilikatwa, na wasanii wakazifanya sanamu. Moja, kiti kilichoundwa kwa vipande vya bunduki, leo kiko katika makumbusho makubwa ya London. Hapa Kongo, PAREC ya Mchungaji Ngoy Mulunda ilibadilisha bunduki kwa baiskeli huko Katanga. Kinshasa, msanii Freddy Tsimba amejulikana duniani kwa sanamu za maganda ya risasi. Watu walileta silaha pale walipoona kwamba anayeileta anaondoka na heshima, si na pingu.

Mpaka mlango huo ufunguliwe, shauri kwa familia ni fupi. Msiitengeneze. Msiipige hata mara moja kwa kuijaribu. Msiiuze. Msiitembeze barabarani. Tafuteni avoka au kiongozi wa dini mnayemwamini, awasemee kwa wakubwa kabla mkono wa mtu haujaigusa. Na wakati mnangoja, fanyeni kazi ambayo haina kosa mbele ya sheria yoyote: kaeni na bibi, mumuulize babu alikwenda wapi, alirudi mwaka gani, alisema nini kuhusu waliobaki huko. Mwandike kwenye daftari. Kutu ya chuma ina dawa, lakini bibi akiondoka na maneno yake hakuna fundi, Butembo wala Herstal, atakayeyarudisha.